Mieleka ya Mume Wetu

Mume wangu nilimwona kwenye televisheni mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la nyumba ya mke mwenzangu, huko Wesha, nimejifunika ushungi mpaka machoni kama mwizi wa kuku. Ndani watu wamejaa utadhani pana maulidi. Mke mwenzangu kakaa mbele kabisa juu ya mkeka mpya, na juu ya televisheni katandika kitambaa cha kufuma. Mume wetu akatokeza pale kiooni na kaptura nyekundu niliyoishona mimi, kwa cherehani yangu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mke mwenzangu akawageukia akasema, "Kaptura hiyo imemkaa, sivyo?" Lo! Nilitamani nilibomoe lile dirisha.

Sikubomoa kitu. Nilirudi kwetu Pujini na donge langu rohoni, na tangu siku ile sikwenda tena. Watu wakiniuliza, "Bi Mkubwa, umemwona mumeo jana?" nikiwajibu kwamba mimi namwona mzima mzima, sina haja ya kumwona mdogo ndani ya sanduku. Wakicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Sitataja jina la mtu hapa, si la mume wangu wala yale majina ya kutisha waliyopeana ulingoni. Wengine wangali hai na wana wajukuu.

Mume wangu alikuwa kuli bandarini Wesha. Babu yake alitoka bara kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya karafuu, na wanaume wa ukoo wao wote ni wapana, shingo zimewazama mabegani. Gunia la karafuu alikuwa akilitupia begani huku anazungumza na mtu, wala pumzi haimbadiliki. Na msimu wa mchezo wa ng'ombe ukifika, yeye ndiye aliyekuwa akiingia uwanjani Pujini kumchezesha fahali, nasi wanawake tumekaa pembeni tunaimba na roho ziko mkononi. Huko ndiko alikoniona, na huko ndiko nilikomwona. Kwa hiyo msinambie mimi sijui kumpenda mtu aliye uwanjani.

Basi siku moja mchezo ulipokwisha akaja bwana mmoja wa Chake ambaye alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi, kavaa viatu vyeupe kwenye tope. Akamwangalia mume wangu juu mpaka chini kama mtu anayenunua jahazi. Akamwambia, "Bwana weye, mwili huo unauharibu kwa ng'ombe." Akamweleza habari za mieleka aliyoiona huko ugenini, watu wanabwagana juu ya ulingo wa kamba, na watu wanalia na kuzimia. Alijiita Meneja, nasi tukamwita hivyo hivyo, maana hakuna aliyejua kwamba mtu anaweza kukataliwa jina kama hilo.

Meneja alikusanya wanaume wanane, makuli, wajenzi na mkwezi mmoja wa minazi. Ulingo wakautengeneza wenyewe: nguzo nne za boriti, kamba za meli zilizochakaa, sakafu ya mbao za makasha, na chini ya mbao wakashindilia makumbi ya nazi ili mtu akianguka sakafu imrushe. Juu wakatandika turubai. Mwanzo walicheza kwenye uwanja wa skuli, watu wakaja kwa kucheka, lakini walipoondoka walikuwa hawacheki. Walikuwa wanagombana nani kaonewa. Mpemba kazoea mchezo wa ng'ombe, na ng'ombe hapangiwi. Fahali akimtia mtu pembe, kamtia. Kwa hiyo walipoona mtu anabwagwa, waliamini kabwagwa.

Mimi sikuamini muda mrefu, kwa sababu mazoezi yalikuwa yakifanywa uani kwangu. Nyumba yetu iko ndani, migomba kila upande, hapiti mtu ila anayekuja kwetu. Siku ya kwanza nilikuwa nakuna nazi, mara nikamwona mmoja wa wale wanane, mtu wa Msuka, kamnyanyua mume wangu miguu juu kichwa chini. Nikaiacha mbuzi na nazi yake nikamrukia yule mtu kwa mwiko wa ugali. Nilimpiga viwili barabara. Wakacheka mpaka wakakaa chini, na yule wa Msuka, anasugua bega, akaniambia, "Samahani, dada, mie nimeambiwa nimuinue."

Mume wangu akanichukua pembeni. "Yule ananiinua kwa sababu mimi naruka," akasema. "Nisiporuka, haniinui hata azaliwe upya. Yote tunapanga. Nani atapiga, nani ataanguka, nani atashinda. Na anayejua nje ya sisi ni weye peke yako. Hata mama yangu hajui."

Nyinyi mlioolewa peke yenu hamwezi kujua neno hilo lilivyonikaa. Hata mama yangu hajui! Mahari yangu ilikuwa ya kawaida, nguo zangu za kawaida, lakini siri ile haikuwa na mwanamke mwengine aliyekuwa nayo Pemba nzima. Nikawa mwalimu wao. Nikikaa na ungo wangu nachambua karafuu, huku nawaambia, "Umeanguka kabla hajakugusa, rudia." Damu yao nilitengeneza mimi. Nilisaga mbegu nyekundu za mzingifuri, nikazichanganya na mafuta ya nazi, nikatia ndani ya kipande cha utumbo wa kuku, nikafunga kwa uzi pande mbili. Mtu anakificha shavuni, akipigwa anakitafuna, na uwanja mzima unapiga kelele "Kauawa!"

Yule wa Msuka ndiye aliyefanywa mbaya wao. Alivikwa nguo nyeusi, akafundishwa kutema mate na kumpiga mwamuzi. Masikini wa Mungu, mtu mpole kuliko wote niliowajua. Kuku akichinjwa kwangu alikuwa akiondoka uani asione. Lakini watoto wa Chake wakimwona sokoni walikuwa wakimrushia maganda ya machungwa, na kuna bibi mmoja alikataa kumuuzia muhogo.

Halafu wakaja watu wa kamera kutoka Unguja. Hapo ndipo mambo yalipopanda. Wakawa wanakuja kila mwezi na makasha yao, wanapiga picha mapambano yote siku moja, kisha Jumamosi baada ya isha yanaonyeshwa moja moja. Televisheni wakati ule zilikuwa chache. Watu walikuwa wakikusanyika kwenye majumba ya jamii, wengine wanaangalia kwa madirishani, wengine wanasikiliza kelele tu na wanarudi makwao wakisimulia kama walioona. Mume wangu akawa mtu. Muuza samaki Chake anamfungia changu hataki kulipwa. Wanafunzi wanamfuata nyuma wanatembea kama yeye anavyotembea. Na wanawake, tena wanawake wenye adabu zao, waliotoka majumba ya heshima, wakamtungia nyimbo.

Miongoni mwao alikuwa huyo wa Wesha. Alikuwa ameachwa na mumewe wa kwanza, hana mtoto, ana nyumba ya urithi karibu na bandari, na ana sauti. Alikuwa akikaa mbele kabisa ya ulingo, na mume wangu akikabwa, yeye ndiye aliyekuwa akianguka. Watu wakimpepea. Mimi nimesimama nyuma na kapu langu la matumbo ya kuku, namwangalia, najiambia huyu mwanamke ni mjinga. Sikujua kwamba ujinga ule ndio utakaonichukulia mume.

Aliniambia mwenyewe, mume wangu, hakunificha. Kwetu mtu akioa wa pili hamwombi ruhusa wa kwanza, anamwarifu tu. Nilimuuliza, "Nimekukosea nini?" Akasema sikumkosea kitu. Jibu hilo ni baya kuliko matusi. Ukikosea utajirekebisha, usipokosea utafanya nini?

Nikawa Bi Mkubwa, mwenzangu akawa Bi Mdogo, na zamu zikagawanywa kwa haki, maana mume wangu ana kasoro zake lakini kwenye zamu hakupunja. Kilichonikata maini ni televisheni. Meneja alimzawadia bingwa wake televisheni, na kwangu Pujini hapakuwa na umeme. Wesha upo, mashine yenyewe ya umeme iko kule. Ikapelekwa Wesha, na Jumamosi, hata iwe zamu ya nani, baada ya isha mume wetu yuko Wesha anajiangalia. "Nakwenda nikiona tu, narudi," akiniambia. Anarudi, ndiyo. Anarudi kachangamka, ananuka udi wa watu.

Nilijipoza na siri. Bi Mdogo alikuwa hajui kitu. Siku mumewe akishindwa alikuwa hali chakula. Alikuwa akimwandikishia kombe kwa mwalimu, aya za Kurani kwa wino wa zafarani kwenye sahani, zinasuuzwa, mume wetu anakunywa ili apate nguvu. Akija kwangu ananihadithia, nami nacheka, namwambia, "Na Meneja keshaandika utaanguka, zafarani yake itafanya nini?" Yeye alikuwa hacheki. Nilidhani kachoka.

Nitasema wazi nilichokuwa nakitaka miaka ile, maana sina wa kumficha: nilitaka mke mwenzangu aachike, au aondoke mwenyewe. Nilikuwa naomba baada ya kila sala siku moja ajue kwamba bingwa wake ni mtu wa kuigiza, amwone alivyo, kuli anayejua kuanguka, na amchoke. Mimi nilikuwa namjua hivyo na sikumchoka. Kwa hesabu yangu, hapo ndipo ingeonekana nani mke.

Basi. Meneja akaona watu wanaanza kuzoea, akatunga jambo. Mkanda wa ubingwa ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe na vipande vya shaba, kautengeneza fundi wa Chake. Ikapangwa kwamba siku ya kamera, mume wangu akisha kushinda, yule wa Msuka aruke ndani ya ulingo, aupokonye mkanda mikononi mwake, akimbie. Mwezi unaofuata wapambane kwa ajili ya kuurudisha. Akafanya hivyo. Aliupokonya, akapita juu ya kamba, akakimbia na kamera nyuma yake mpaka akapotea kwenye migomba. Na kabla ya magharibi mkanda ulikuwa umefika kwangu Pujini ndani ya gunia la majani ya ng'ombe, umewekwa uvunguni mwa kitanda changu.

Nilifurahi, wallahi. Yeye ana televisheni, mimi nina mkanda. Kila alasiri nilikuwa nikiutoa, nikiusugua shaba kwa ndimu na majivu mpaka ukawaka, nikiurudisha.

Jumamosi ilipoonyeshwa ile habari, kisiwa kilitaharuki. Kwamba mtu ashindwe, sawa. Lakini kuiba! Mbele ya watu! Mizigo ya yule wa Msuka ikakataliwa kwenye magari. Shemeji yake akamfungia mlango. Nami nikakaa kwangu nasubiri mwezi uishe, mpaka jirani yangu alipokuja asubuhi moja, hata hakukaa.

"Bi Mkubwa, umesikia? Mke mwenzio kaitisha halbadiri."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji. Niliiweka chini.

Kwa asiyejua: mtu akiibiwa, na mwizi hajulikani au kajulikana hataki kurudisha, hukusanya walimu wakasoma majina ya wale watukufu waliopigana Badr, wakamshitakia Mungu. Haisomwi ghafla. Hutangazwa kwanza, ili aliye na kitu cha watu apate nafasi ya kurudisha. Asiporudisha, ikisomwa, inampata. Tumewaona watu wamefura matumbo. Tumewaona waliotoka mbio uchi. Na si mwizi peke yake. Humpata aliyeficha, na anayejua akanyamaza. Na ikiwa anayeshitaki ni mwongo, hakuibiwa, basi inageuka inamla yeye mwenyewe. Halbadiri haina mzaha.

"Itasomwa lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa hii, baada ya sala. Bi Mdogo kamtoa beberu wake, kawaalika walimu. Kasema hawezi kumwona mumewe halali usiku kwa sababu ya mkanda wake."

Halali usiku! Kwangu alikuwa akikoroma. Lakini sikuwa na pumzi ya kukasirikia hilo. Nilikwenda chumbani nikainama nikatazama uvunguni. Aliyeficha, nimo. Anayejua akanyamaza, nimo. Mke mwenzangu, bila kujua, alikuwa anachinja mbuzi ili mimi nifure tumbo.

Mume wangu alipokuja zamu yangu, sikumpa hata maji. "Kamwambie," nikasema. "Kesho asubuhi nenda Wesha, mwambie mkanda haukuibwa. Mwambie yote."

Akakaa kwenye kigoda. Rangi imemtoka, maana na yeye anajua inavyogeuka. "Siwezi," akasema.

"Huwezi? Ulimi umekatika? Mbona mimi uliniambia siku ya kwanza tu?"

"Wewe ni wewe."

"Na yeye ni nani?"

Alizungusha kofia mikononi. Halafu akasema, "Kwako mimi ni kuli ninayejua kuanguka. Sikulaumu, ndivyo nilivyo. Kule Wesha mimi ni bingwa. Niachieni japo pahala pamoja."

Yaa Rabbi. Mimi miaka yote ile nilikuwa nadhani siri ni heshima niliyopewa. Kumbe ilikuwa kama jikoni: mwenyewe unaingizwa kwa kuwa huna ugeni, na mgeni anakaribishwa ukumbini. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia, "Basi kamwombe huyo akuaminiye akuzike." Akatoka akenda kulala barazani.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, akaja yule wa Msuka. Alitembea sehemu kubwa ya njia kwa sababu hakuna gari iliyotaka kumchukua. Macho yamemwiva. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Dada," akasema, "tumbo lanisokota toka jana."

"Hawajasoma bado."

"Najua hawajasoma. Lakini lanisokota. Nina watoto, dada. Nipe mkanda niwarudishie."

Mume wangu alisikia, akaja mbio kutoka barazani. "Usimpe," akasema. "Nitakwenda kwa Meneja, tutapanga jengine. Tutasema umeokotwa."

"Halbadiri huidanganyi kwa kuokota," akasema yule wa Msuka, na machozi yakamtoka, mtu mzima, mbaya wa Pemba nzima, analia mbele ya kinu changu.

Wakanitazama wote wawili. Mkanda uko kwangu na kitanda ni changu. Nikaingia ndani nikautoa, nikaufunga katika kanga, nikamkabidhi yule wa Msuka mkononi. Watu wengine wakisimulia jambo kama hili husema walijuta. Mimi sikujuta. Nilikuwa naogopa tumbo langu, ni kweli. Lakini nilipokuwa naufunga katika ile kanga nilikuwa nafikiri: ajue sasa. Ajue, tuone.

Yaliyotokea msikitini Wesha nimeyasikia kwa watu wengi, na wote wamekubaliana. Sala ya Ijumaa ilipokwisha, kabla walimu hawajakaa, yule wa Msuka alipita katikati ya watu, akauweka mkanda mbele ya shehe. Watu wakaanza kumzomea. Shehe akawanyamazisha.

"Umeurudisha. Vizuri. Umetubu?"

"Shehe, sikuuiba. Nilipewa niuchukue. Tulipanga."

"Na pambano la mwezi uliopita?"

"Tulipanga."

"Na kabla ya hapo?"

"Yote, Shehe. Tangu siku ya kwanza."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na siku ile uliyomng'ata mwenzio sikio ukalitema?"

"Kilikuwa kipande cha pweza, mzee wangu."

Wanasema kuna waliocheka, lakini si wengi. Walikuwepo watu waliokuwa wamewanunia ndugu zao kwa ajili ya mieleka ile, na waliofunga sunna, na mzee aliyekuwa amelazwa kwa presha siku bingwa alipovuja damu. Waliona wamefanywa watoto. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu ilikuwa ndefu ya kutosha kuwachosha watu njiani. Jioni ile ile ulingo ukavunjwa. Boriti zikenda kujenga banda la ng'ombe, turubai sijui alilichukua nani, makumbi yakatapakaa uwanjani na watoto wa skuli wakayachezea mpira. Watu wa kamera walipokuja mwezi uliofuata walikuta mbuzi wanakula majani, wakarudi na makasha yao bila kuyafungua. Meneja alipanda meli hata hakuaga. Jumamosi baada ya isha, televisheni ikawa inaonyesha ngoma za huko na huko.

Mume wangu akajifungia kwangu. Hakwenda bandarini, hakwenda msikitini, na zamu ya Wesha ilipofika hakwenda Wesha. Ikapita, ikafika nyengine, hakwenda. Alikuwa kalala kaelekea ukutani. Nilijua ni haramu na ilinipasa nimwambie "inuka uende kwa mwenzangu", na sikumwambia. Nilimpikia boko boko. Nilimkanda mgongo. Niliimba huku napepeta mchele, kwa mara ya kwanza tangu niwe Bi Mkubwa. Kila siku nilikuwa natazama njia nikitarajia mjumbe wa Wesha aje kudai talaka.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa baada ya alasiri, namwona anakata kona kwenye migomba, buibui limejaa vumbi la barabarani, mkononi kashika mkate wa kumimina kwenye sinia. Nikasema moyoni, haya, mkate wa kuagia. Nikamtokea uani, na hata salamu sikuimaliza.

"Umekuja kudai talaka yako?"

"Talaka ya n'ni, Bi Mkubwa?" Alinishangaa kweli. Akaweka sinia juu ya kinu, akapangusa jasho. "Mie n'na neno moja tu la kukuuliza, na watu wananambia ajuaye ni weye. Ile damu. Ile iliyokuwa ikimtoka kinywani."

"Mzingifuri," nikasema. "Nimeusaga mwenyewe, kwa mkono huu." Nilitaka limchome. Nilitaka ajue kwamba wakati yeye anazimia mbele ya watu, mimi nilikuwa nyuma na uzi na sindano.

"Na siku ile alipobamizwa ubao wa mgongo?"

"Ubao ulikuwa umekatwa kwa msumeno usiku wake. Ulibakia gome."

"Na alipopigwa kabali mpaka ulimi ukatoka nje?"

"Ulimi alikuwa akiutoa mwenyewe. Nimemfundisha mimi."

"Kwa hiyo alikuwa haumii."

"Alikuwa haumii."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," nikamwambia, na nikangoja.

Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, na buibui lake, akafunika uso kwa mikono miwili. Nikadhani sasa ndiyo, sasa analia kwa hasira, sasa atainuka ende zake. Alipoufunua uso ulikuwa unacheka na machozi yanamiminika.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi, Bi Mkubwa. Mie kila akipanda ulingoni nilikuwa n'kijua leo wananiletea maiti."

Nilikuwa nimejua miaka yote kwamba haumii, na sikumbuki kama nilipata kusema alhamdulillahi.

Nyuma yangu mlango ukalia. Mume wetu alikuwa kasimama kizingitini na shati limekunjamana, na ndevu zimemwota. Siku zote zile hakutoka nje mchana. Alikuwa akimtazama mke mwenzangu aliyekaa mchangani, na mimi nilikuwa baina yao, na nilimwona wazi usoni. Sijapata kutazamwa hivyo mimi, si kwenye uwanja wa ng'ombe, si siku ya harusi.

"Simama, utachafuka," akamwambia.

"Mbona hukuja kwangu?"

"Nilikuwa naona haya."

"Haya ya n'ni, weye? Mzima weye!"

Nilimchukia mke mwenzangu siku ile kuliko siku zote nilizomchukia. Nikamkaribisha ndani, nikakata mkate wake, nikampa chai, tukala watatu. Ulikuwa mkate mtamu, na hilo nalo lilinikera. Jua lilipoinama akaaga, na mume wetu akavaa kofia. Akaniangalia. "Nimsindikize mpaka barabarani, apate gari. Nitarudi, zamu ni yako."

Alirudi, kwa kweli, wala hakuchelewa. Alikaa penye mkeka wake, nikamwandalia chakula, akala. Nilimuuliza kama nimwongeze chai.

"Hm?" akasema.

Nikarudia. Akatikisa kichwa, lakini alikuwa hajanisikia. Alikuwa angali njiani na mke mwenzangu.